Kipenga na Karatasi Nne

Hapo zamani, na msinikodolee macho, si ile zamani ya fisi kuvaa kanzu wala sungura kwenda posa. Ni zamani ya juzi tu, watu wake wako hai, na wakisikia nimewasema watakuja kunisuta mlangoni. Hapo zamani, nasema, katika mji mmoja wa milimani kule Rungwe, mji wa ukungu na migomba na mvua isiyojua kupumzika, palikuwa na vyuo viwili vilivyotazamana. Huku Chuo cha Ualimu, kule Chuo cha Kilimo, katikati uwanja wa mpira. Watu wa ualimu tuliwaita Chaki. Watu wa kilimo tuliwaita Jembe. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, Chaki na Jembe walikutana pale uwanjani, na siku hiyo hata mgonjwa aliomba aegemezwe dirishani.

Mimi nauza mahindi ya kuchoma. Jiko langu liko nyuma ya goli la upande wa mto. Msiniulize nashangilia nani. Chaki wanakula mahindi, Jembe wanakula mahindi, na mimi mdomo wangu naujua. Sasa wewe unayechezea simu, iweke chini, maana mwishoni nitakuuliza wewe kwanza.

Palikuwa na mpishi, Mzee Anyingisye. Alipika Chaki miaka kumi. Jembe wakaonja wali wake siku ya mahafali, wakamwita, akapika Jembe miaka kumi mingine. Mtu huyo alikula chumvi ya pande zote mbili, na watoto wake wakagawanyika hivyo hivyo. Mkubwa, Ambokile, alisoma Jembe akawa bwana shamba. Wa katikati, Tupokigwe, alisoma Chaki akawa mwalimu wa shule ya msingi. Kitinda mimba, Lusekelo, alikuja baadaye sana, naye akaingia Chaki, akawa golikipa wao.

Sasa mwaka mmoja, Lusekelo akiwa bado anavaa kaptula, Jembe waliwafunga Chaki kwa penalti ya utata. Ambokile akamcheka dada yake mbele ya wageni. Tupokigwe akanuna. Akanuna wiki, akanuna mwezi, akanuna mpaka Krismasi. Na Krismasi yenyewe alikuja kwa wazazi na sahani yake kwenye mkoba, asije akala kwenye sahani iliyoguswa na kaka yake. Jamani! Kwa ajili ya penalti! Mzee aliiona ile sahani ikitolewa kwenye mkoba, akaacha kula.

Kesho yake akatoa kopo. Kopo la maziwa ya unga, tupu, lenye mfuniko. Akawaketisha wanawe, na mkewe Mama Sekela kando, akasema:

"Kuanzia sasa, kila mwaka, Ijumaa kabla ya mechi, kila mtu wa nyumba hii atatabiri mabao. Lakini hataandika mwenyewe. Mtu wa Chaki atamnong'oneza mtu wa Jembe, na mtu wa Jembe ndiye atakayemwandikia. Mtu wa Jembe atamnong'oneza mtu wa Chaki, naye atamwandikia. Karatasi itakuwa na jina lako na mwandiko wa mpinzani wako. Nitaiweka kwenye kopo, kopo nitaliziba kwa nta ya mshumaa, na mama yenu atalikalia mpaka mpira uishe. Karatasi itakayotoka kwenye kopo ndiyo neno."

"Atalikalia kweli?" akauliza Tupokigwe.

"Atalikalia kweli."

"Na mwandishi akipotosha?" akauliza Ambokile.

Mzee akamtazama kwa mshangao. "Mtoto wangu atapotosha vipi neno la ndugu yake?"

Basi, maneno yakaishia hapo. Likumbukeni swali hilo la Ambokile, maana halikujibiwa, na mzee alikufa bila kulijibu.

Zawadi ilikuwa jogoo. Sharti ni kupatia mabao yote, ya huku na ya kule. Ukikosea bao moja, umekosa. Na wote wakikosa, zawadi inabaki kwa Mama Sekela hadi mwaka unaofuata. Mnadhani walipatia? Thubutu! Watu wale walitabiri kwa moyo, si kwa macho. Tupokigwe kila mwaka alinong'ona, "Chaki nne, Jembe sifuri." Mwaka huu nne bila, mwaka ujao nne bila. Ambokile akawa anaandika ule upuuzi kwa uaminifu, huku akikunja uso kana kwamba anameza kwinini.

Mwaka wa kwanza wote walikosa, jogoo akabaki. Mama Sekela akaona jogoo anakula bure, akambadilisha kwa mtetea. Mwaka wa pili walikosa, mtetea akatotoa vifaranga. Mwaka wa tatu walikosa, kuku wakawa wengi, mama akawabadilisha kwa mbuzi jike. Mwaka wa nne walikosa, mbuzi akazaa pacha. Mwaka wa tano walikosa, mbuzi watatu wakaenda mnadani, akarudi ndama jike mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Wakamwita Kipenga. Mwaka wa sita walikosa, Kipenga akanenepa. Mwaka wa saba ulipofika, Kipenga alikuwa mtamba hasa, anasubiri dume tu, na kila aliyepita njiani aligeuza shingo kumtazama. Hivyo ndivyo ujinga wa nyumba moja ulivyozaa ng'ombe, na mzee kaburini akachelewa kumwona.

Mwaka huo wa saba ndio mwaka wa hadithi yangu.

Mwaka huo Ambokile alikuwa na shida. Ng'ombe wake wa maziwa alikuwa amekufa kwa homa, na mkewe alikuwa amejifungua mapacha wasioshiba. Halafu yeye ni bwana shamba. Anasimama mbele ya wakulima kuwafundisha ufugaji, na mtu wa nyuma anauliza kwa sauti ya upole, "Samahani mtaalamu, na wewe kwako una ng'ombe wangapi?" Watu wanavunjika mbavu. Ambokile akirudi nyumbani analiangalia banda lake tupu, anaingia ndani kimya.

Lakini Lusekelo alikuwa na shida kubwa zaidi. Lusekelo alimpenda Atuganile, binti wa Jembe, msomi wa mifugo, msichana mwenye macho ambayo huwezi kuyadanganya. Mahari ilishakubaliwa. Ng'ombe wote walishakwenda kwa baba yake, Mzee Mwasomola, isipokuwa mmoja. Na Atuganile alikuwa amepangiwa kazi Katavi, mbali huko, aripoti mwezi wa sita. Mzee Mwasomola akasema neno lake:

"Ng'ombe wa mwisho akifika kabla binti yangu hajaondoka, ataondoka akiwa mke wa mtu, na waombe kituo pamoja. Asipofika, aende kazini kwanza. Mengine tutazungumza akirudi."

Akirudi lini? Hakusema. Na Lusekelo, mwanafunzi asiye na mbele wala nyuma, alikuwa na tumaini moja tu duniani, nalo lilikuwa limefungwa kamba kwenye ua wa mama yake likicheua majani.

Ijumaa ikafika. Wakakaa jikoni kwa Mama Sekela, watu wanne, karatasi nne. Atuganile naye aliingizwa, maana walikwisha kumhesabu kuwa wa nyumba. Ambokile akamnong'oneza Tupokigwe, Tupokigwe akaandika. Tupokigwe akamnong'oneza Ambokile, Ambokile akakunja uso akaandika. Atuganile akamnong'oneza Lusekelo, Lusekelo akaandika. Mwisho Lusekelo akamwinamia Atuganile sikioni, akasema, "Chaki mbili, Jembe moja," na Atuganile akaandika. Karatasi zikakunjwa, zikaingia, nta ikamwagwa. Mama Sekela akaliweka kopo juu ya kigoda, akatandika kanga juu yake, akakaa.

"Mwaka huu mpatie," akasema. "Kopo lina kingo hili."

Jumamosi ukungu ukashuka tangu asubuhi. Uwanja ulikuwa matope. Mimi nilikuwa nyuma ya goli langu na jiko langu, na Atuganile akaja kusimama kando yangu, kajifunga kitambaa cha kijani cha Jembe shingoni. Nikamuuliza, "Wewe binti, leo unamshangilia nani?" Akacheka. "Dada, nikijua nitakwambia." Nikampa hindi la bure. Si tabia yangu.

Chaki wakafunga mapema. Jembe wakasawazisha. Kipindi cha pili, ukungu ukiwa umezidi, Chaki wakafunga la pili. Mbili kwa moja. Nilimwona Lusekelo golini akijipangusa mikono mara tatu tatu. Alijua karatasi yake inasema nini. Na Atuganile, aliyeiandika kwa mkono wake, alikuwa ameacha kula hindi lake, limeshikwa tu.

Dakika za mwisho kabisa. Jembe wakapata kona. Mpira ukaja juu, kikaruka kichwa cha mtu ambaye sikumtambua, mpira ukagonga mtambaa panya, ukashuka chini, ukadunda, ukarudi nje kwa mzunguko, na Lusekelo akauangukia akaukumbatia kifuani.

Jembe wakapiga kelele, "Goli!" Lakini Jembe hupiga kelele hata mpira ukienda kwenye mtaro wa maji taka. Chaki wakapiga kelele, "Bado!" Refa alikuwa hatua ishirini tu, lakini hatua ishirini za ukungu. Akamtazama mshika kibendera. Mshika kibendera akainua mabega. Refa akapunga mkono: endeleeni.

Mimi nilikuwa nyuma ya goli. Nawaambia leo, mpira ule ulidunda ndani. Ulidunda ndani kabisa, ukaacha alama kwenye matope upande wangu wa mstari. Niliona mimi, aliona Atuganile, aliona Lusekelo. Watu watatu, basi.

Lusekelo akageuza kichwa, bado kalala na mpira, akamtazama Atuganile kupitia nyavu. Na Atuganile akafumba macho. Alifumba tu, wala hakutikisa kichwa.

Lusekelo akainuka. Badala ya kupiga mpira mbele, akauchukua mkononi akamwendea refa.

"Refa, umevuka."

"Nini kimevuka?"

"Mpira. Wote mzima ulivuka mstari. Ni bao."

Lo! Uwanja uliganda. Nahodha wa Chaki alishika kichwa kwa mikono miwili. Refa akamtazama yule kijana kwa muda, kisha akapuliza kipenga akaonyesha kati. Mbili kwa mbili. Mpira ukaisha hapo hapo, na kwa kuwa ni sare, kombe likabaki kwa Jembe waliokuwa nalo tangu mwaka jana. Wenzake Lusekelo walipita kando yake mmoja mmoja bila neno. Atuganile alipofumbua macho yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa akitabasamu. Sikuelewa, na mahindi yangu mawili yakaungua.

Jua lilikuwa bado lipo, kama lilikuwapo kweli nyuma ya ukungu ule, tulipojaa uani kwa Mama Sekela, majirani sote. Mama akainuka juu ya kigoda, akajinyoosha kiuno, akavunja nta kwa kisu cha ndizi.

Karatasi ya kwanza. "Tupokigwe: Chaki nne, Jembe sifuri." Tukacheka mpaka tukachoka.

Karatasi ya pili. "Atuganile: Jembe tatu, Chaki moja." Naye amekosea.

Karatasi ya tatu. "Lusekelo: Chaki mbili, Jembe moja." Hapo hakuna aliyecheka. Kila mtu uani alikuwa ametoka uwanjani, na kila mtu alielewa papo hapo yule kijana alikuwa amebeba nini alipokuwa akimwendea refa. Mama Sekela aliishika karatasi ile muda mrefu kabla ya kuiweka chini.

Karatasi ya nne. "Ambokile," akasoma mama. Akainua macho. Akasoma tena. "Ambokile: Jembe mbili, Chaki mbili."

Weee! Vigelegele! Miaka saba! Ambokile akaruka, akaruka tena, mkewe akamrushia mtoto mmoja mama mkwe ili naye aruke. Halafu ghafla Ambokile akaacha kuruka. Akasimama pale uani, furaha bado iko usoni, lakini macho yamebadilika.

"Mama, ngoja," akasema. "Mimi sikusema mbili kwa mbili. Nilisema Jembe tatu, Chaki mbili."

Sote tukageuka kumtazama Tupokigwe, maana yeye ndiye aliyeandika. Tupokigwe alikuwa ameshika tama.

"Mkono ulikataa," akasema. "Mama, nisamehe. Miaka yote nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Mwaka huu aliposema Jembe tatu nikaona ni uongo mtupu. Shule yangu iko kando ya uwanja. Miezi mitatu nimewaona Jembe wakifanya mazoezi, na ile safu yao ya mbele ni butu, haiwezi kumfunga Lusekelo tatu. Nikampunguzia bao moja. Nilimsahihisha, ndivyo nilivyozoea."

"Sasa wewe ulijua hivyo vyote," akafoka Ambokile, "kwa nini ukaninong'oneza nne bila?"

"Kwa sababu ile ilikuwa yangu!" Tupokigwe naye akafoka. "Yangu nasema ninachotaka!"

Kama hamjawahi kuona uani watu sitini wanajizuia kucheka na kulia kwa pamoja, basi hamkuwapo siku ile. Mama Sekela akaketi tena juu ya kigoda, kopo tupu mapajani, akasema, "Haya. Semeni mmoja mmoja. Kipenga ni wa nani?"

Ambokile akasema: "Kipenga ni wangu. Jina kwenye karatasi ni langu. Baba alisema karatasi itakayotoka kwenye kopo ndiyo neno, na karatasi iliyotoka ni yangu na imepatia. Sikupotosha mimi, nilipotoshewa. Ningeweza kunyamaza mkanibeba juu, lakini nimesema ukweli mbele yenu. Sasa nami niadhibiwe kwa kusema ukweli? Wanangu wanalia maziwa, na huyu akipata dume, mwakani watakunywa. Na nisiwafiche, nimechoka kuchekwa."

Tupokigwe akasema: "Kipenga ni wangu. Jina lake, sawa, lakini akili yangu. Yeye alisema tatu, na tatu ni makosa. Aliyejua mbili kwa mbili katika mji huu mzima ni mimi peke yangu. Nimekosa, nakiri, nimevunja neno la baba. Nikemeeni. Lakini msiseme sikujua. Miaka saba mnanicheka kwenye nyumba hii kwamba sijui mpira! Na akiwa wangu, kesho asubuhi anakwenda kwa Mzee Mwasomola. Mdogo wangu aoe."

Watu wakaanza kupiga makofi. Wengine walifikiri mambo yamekwisha. Lakini Lusekelo, ambaye tope la uwanjani lilikuwa bado limemkauka magotini, akainuka.

"Ndaga fijo, dada," akasema. "Asante sana. Lakini siwezi. Leo nimekataa ushindi wa uongo mbele ya chuo kizima, wenzangu hawanisemeshi. Halafu jioni nioe kwa karatasi iliyopotoshwa? Nitawaambia nini wale niliowanyima kombe?"

"Basi wewe unadai nini?" akauliza Ambokile, na hakuuliza kwa ubaya.

Lusekelo akafungua mdomo. Akajaribu kusema, akapatwa na kigugumizi. Ndipo Atuganile akainuka, akafungua kile kitambaa cha kijani shingoni, akakishika mkononi.

"Shikamoo mama, shikamooni wote. Shemeji kasema, wifi kasema, nami niseme kwa ajili yetu wawili, maana huyu hatasema. Kipenga ni wa Lusekelo. Karatasi yake ilikuwa imepatia. Mpaka dakika ya mwisho ilikuwa imepatia, na refa alishapunga mkono. Hiyo mbili kwa mbili mnayoigombea hapa, ni nani aliyeifanya iwepo? Si karatasi ya shemeji wala akili ya wifi. Ni yeye. Bila yeye kusema, hakuna hapa ambaye angekuwa na cha kudai isipokuwa yeye."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, na sote tukasogea kumsikia.

"Na kuna jingine. Mimi ni Jembe. Ijumaa aliponinong'oneza Chaki mbili, Jembe moja, mkono wangu nao ulikataa. Ulitaka kuwaongezea Jembe bao moja. Moja tu. Nikauzuia mkono, nikaandika alivyosema, kwa sababu nilikuwa naandika jina lake. Kama ningefanya alivyofanya wifi, leo karatasi ya Lusekelo ingesomeka mbili kwa mbili, na kesho ningekuwa bibi harusi. Simlaumu wifi. Nasema tu mjue."

Jamani. Tupokigwe alijifunika uso kwa kanga. Ambokile alitazama chini. Mtoto wake mmoja akaanza kulia, na kwa mara ya kwanza siku ile kilio cha mtoto kile kilisikika kama naye anadai.

"Sikufumba macho kwa kuogopa," akaongeza Atuganile, akimgeukia Lusekelo. "Niliyafumba ili usisome kitu usoni mwangu. Nilitaka uamue mwenyewe. Na nimeona nani anayeniposa."

Mama Sekela aliligeuza lile kopo mikononi, akapangusa nta kwenye mdomo wake kwa kidole.

"Mimi nimelikalia kopo hili miaka saba," akasema. "Nilimlisha yule jogoo, nikamlisha mtetea, nikamlisha mbuzi, nikamlisha huyo mtamba. Mkiniuliza mimi ni wa nani, nitasema ni wa wanangu, na hilo si jibu. Nikimpa Ambokile, nimefuata neno la baba yenu, na Atuganile anapanda basi la Katavi peke yake. Nikimpa Tupokigwe, kila mwaka kuanzia leo mwandishi ataandika apendavyo, na kopo limekufa. Nikimpa Lusekelo, nimempa zawadi ya utabiri mtu aliyekosea utabiri, na wajukuu wangu wanalia banda tupu. Kesho baada ya ibada wazee wa Mwasomola wanakuja. Watakunywa chai yangu, watasifia chai yangu, kisha wataniuliza: ng'ombe yupo au hayupo? Baba yenu angekuwapo tungemuuliza yeye. Hayupo. Leteni chakula."

Kikaletwa chakula, ndizi na maharage. Na hapa niwaambie kitu nilichokiona, maana wengine walikuwa wanatazama ng'ombe. Ambokile alipakua sahani, akapita watu wote, akampelekea Tupokigwe pale alipojifunika. Tupokigwe akafunua uso. Akaitazama ile sahani, akamtazama kaka yake aliyeishika, akaipokea akala. Akala yote. Lusekelo aliketi kati yao, na Atuganile akamnawisha mikono. Waligombana huku wanakula, wakapaziana sauti, wakanyang'anyana chumvi, lakini hakuna aliyetoka uani. Hakuna hata mmoja. Nikasema moyoni, mzee, kopo lako limefanya kazi.

Sasa msinikimbilie na majibu mepesi. Usiniambie wamgawane, Kipenga si andazi. Usiniambie wasubiri azae wagawane ndama, hana mimba, bwana shamba mwenyewe na msomi wa mifugo wote wamethibitisha, na Katavi haisubiri. Usiniambie Ambokile atoe kwa hiari. Alikwisha kuinuka, baada ya kula, akasema, "Mdogo wangu, kama ni wangu, mchukue," na Lusekelo akamjibu, "Kaka, kama ni wako, wanao wanywe maziwa. Kama ni wangu, nipeni kama wangu." Kila mmoja alikuwa radhi akose. Walichokataa ni kupewa kisicho haki yao.

Mama Sekela akaenda hadi kwenye nguzo, akafungua kamba. Kipenga akamfuata hadi katikati ya uani, na lile baka lake jeupe usoni, akasimama akitafuna. Mama akainyoosha kamba mbele ya wanawe.

"Mwenyewe achukue," akasema.

Hakuna mkono uliotoka kuipokea. Ambokile alimtazama Tupokigwe, Tupokigwe alimtazama Lusekelo, Lusekelo alimtazama Atuganile, na safari hii Atuganile hakufumba macho. Mama akatugeukia sisi majirani, mkono bado umenyooka.

"Basi nyie mlioona semeni. Nyie mlikuwapo."

Mimi nilikuwapo. Niliona mpira ukidunda, niliona macho yakifumbwa, niliona sahani ikipokewa. Nilifungua mdomo wangu huu mnaousema kuwa haufungiki, na nikakosa la kusema. Kwa hiyo nawageukieni ninyi, na wewe wa simu ukiwa wa kwanza. Asubuhi inakuja, chai iko jikoni, wazee wa Mwasomola wako njiani, na mkono wa mama unachoka.

Aliyeandikwa jina, aliyejua mabao, au aliyesema ukweli akajinyima: je, ile kamba mngeiweka mkononi mwa nani?